Pipa Lililopata Joto

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na kuanikwa, Chiriku alivuka barabara kwenda karakana ya mjomba wake. Chiriku silo jina lililoandikwa shuleni. Alipewa na mjomba mwenyewe, kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini humsikia akibishana na mtu.

Mjomba alikuwa mkerezaji wa vyuma. Katikati ya karakana yake palikuwa na mashine ndefu iliyoshika chuma kwa meno yake na kukizungusha, huku kisu kikali kikisogea taratibu na kukinyoa, kama mtu anavyomenya chungwa. Kilichonyolewa kilianguka sakafuni kikiwa kimejikunjakunja, kingine kirefu, kingine laini kama unga. Mafundi huita hayo maranda, kama yale ya seremala. Kuyafagia ndiyo ilikuwa kazi ya Chiriku, na mjomba alikuwa amemwahidi kwamba akiizoea karakana na kanuni zake, likizo ijayo atamfundisha kuishika mashine. Ahadi hiyo Chiriku alilala nayo na kuamka nayo. Darasa zima lilishachoka kuisikia.

Mwezi huo mjomba alikuwa na kazi isiyo ya kila siku. Aliletewa vifuniko vya injini vilivyotengenezwa kwa magnesiamu, metali nyeupe, nyepesi mno, ambayo ukiishika unadhani umeshika kopo tupu. Siku ya kwanza alimkalisha Chiriku kwenye benchi akamwambia kwamba maranda ya metali hii yanaweza kuwaka kama kuni kavu, na yakiwaka hayazimwi kwa maji. Maji huyaongezea hasira. Akamwonyesha ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni na pipa dogo la bati lenye kifuniko cha kubana, la maranda hayo peke yake. Chiriku akaitikia, na kama kawaida yake akaitikia kabla maneno hayajaisha. Alichokiweka moyoni kilikuwa kimoja: moto ukitokea, usimwage maji. Moto usipotokea, yeye aliona maji ni maji tu.

Sasa Jumamosi ninayoisimulia kulikuwa na upepo. Karakana ilipakana na kibanda cha fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye utani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Mlangoni pake lilining'inia gauni jeupe la harusi, limekamilika, linasubiri mwenyewe. Chiriku alipoanza kufagia, vumbi likaelekea huko huko.

Mama Cherehani akachungulia. "Mwanangu, nifagilie kwa huruma. Bibi harusi wangu asije akaolewa na gauni la rangi ya panya."

Chiriku akacheka, kisha akaona haya. Mjomba alikuwa ametoka kwenda kula, wa kuuliza hayupo. Akafanya kile anachofanya kila asubuhi uani kwao. Mama yake alikuwa amemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba kufagia bila kunyunyizia ni kulihamisha vumbi kutoka chini kulipeleka puani. Basi akachota maji kwenye kopo, akachovya vidole, akanyunyiza huku na huku. Vumbi likatulia, adabu tupu. Maranda yakashikana vizuri, akayazoa yote, akayatia kwenye pipa, akabana kifuniko. Mama Cherehani akamwombea dua ya maisha marefu, na Chiriku akaketi juu ya benchi akijiona fundi.

Mjomba aliporudi, Chiriku alikuwa ameshaandaa habari za kumpa: mwalimu wa hesabu, mbuzi aliyeingia darasani, viatu vya rafiki yake. Mjomba alisikiliza nusu, huku akitafuta bisibisi. Alipopita karibu na pipa, akasimama.

Pipa lilitoa mlio mdogo. Tik. Kisha tena, tik, kama bati la paa linapopata jua.

Mjomba akasogeza mgongo wa kiganja chake karibu na ubavu wa pipa, bila kuligusa, akaurudisha upesi. Lilikuwa na joto. Akakunja uso, akaanza kusema na nafsi yake, kama wafanyavyo mafundi wanaofanya kazi peke yao. Maranda makavu hayapati joto hivi hivi. Labda ni cheche. Asubuhi alinoa kisu kwenye jiwe, na huenda cheche iliruka ikajificha humo. Kama ni cheche, afadhali aifunike kwa mchanga sasa hivi, kabla haijakua. Akaivuta ndoo ya mchanga hadi karibu, akakunja mikono ya shati, akainama, akapeleka mkono kwenye kibanio cha kifuniko.

Hapo ndipo Chiriku aliponyamaza.

Kopo lilikuwa pale pale juu ya rafu, matone bado yanang'aa ubavuni mwake. Aliliona, akamtazama mjomba, akalitazama tena. Hakujua hasa maji yamefanya nini ndani ya pipa. Alijua tu kwamba mjomba anasema "makavu", na makavu hayakuwa. Akisema, karakana atakuwa ameiaga. Likizo itakuja na mashine itazunguka bila yeye. Asiposema, hakuna aliyemwona isipokuwa Mama Cherehani, naye hajui lolote. Ulimi uliokuwa haushikiki tangu asubuhi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Kidole cha mjomba kikagusa kibanio. Uso wake ulikuwa juu ya kifuniko kabisa, kama mtu anayechungulia chungu.

"Mjomba, usifunue," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kama si yake. "Nilinyunyizia maji. Maranda yameloa."

Mjomba hakuuliza kwa nini. Hakumtazama hata. Aliuondoa mkono wake polepole, kama mtu anayemchomolea mkono mtoto aliyeulalia, akanyanyuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua. "Toka nje," alimwambia kwa upole. "Usikimbie, usiburute chochote."

Nje, mjomba akazima umeme wote kwenye swichi kuu iliyokuwa ukutani upande wa barabara. Kisha akapiga simu zimamoto. Chiriku alimsikia akieleza bila kupayuka: ni maranda ya magnesiamu, yameloa, yamo ndani ya pipa lililofungwa, pipa lina joto, ndani hamna mtu. Alipomaliza, akaokota vumbi kidogo akaliachia lipeperuke, akaona upepo unaelekea wapi, akawahamisha watu wote upande unakotokea, mbali na karakana. Mama Cherehani alitoka kibandani na gauni la harusi kichwani, anakimbia kwa hatua ndogondogo, na mtu mmoja akasema bibi harusi ametoroka.

Mjomba akamweleza Chiriku huko huko walikosimama. Metali ile ikikutana na maji hupata joto, na hutoa gesi isiyoonekana, inayowaka upesi kuliko petroli. Gesi hiyo ilikuwa inajaa ndani ya pipa. Angeifungulia, na joto lile likawa limeshawasha maranda, ingelipuka usoni pake. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, bila kuyaondoa macho kwenye mlango wa karakana.

Wakati huo huo likaja rukwama la muuza maji, madumu yanagongana, mwenyewe anatoka jasho. Alishasikia kuna moto na madumu mawili alikuwa ameyafungua njiani. Alitangaza kwamba leo maji ni bure. Mjomba akasimama mbele ya gurudumu.

"Ndugu yangu, ukimwaga humo umetuzika."

Muuza maji akaudhika. Umri wake wote hajaona moto unaokataa maji. Hapo ulimi wa Chiriku ukafunguka. Akamweleza yote, metali, joto, gesi, mchanga mkavu, bila kuvuta pumzi, na kila jirani aliyekuja na ndoo akamweleza hayo hayo kutoka mwanzo. Wengine waliweka ndoo chini ili tu amalize.

Gari la zimamoto likafika. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na swali lake la kwanza halikuwa moto uko wapi. Aliuliza nani wa mwisho kuligusa lile pipa, na limetiwa nini. Mjomba alifungua kinywa ajibu kwa niaba ya mpwa wake, lakini Chiriku akasogea mbele.

"Ni mimi, Afande. Nilichovya vidole kwenye kopo nikanyunyiza. Kopo halikuisha hata nusu. Kisha nikafunga kifuniko."

Yule mama akatikisa kichwa kukubali, akageuka, akawaamuru wenzake mipira ya maji ibaki ilivyokunjwa na walete poda ya kuzimia moto wa metali. Walikuwa bado wanavaa barakoa zao uliposikika mshindo, na kifuniko kikagonga bati la paa. Madirisha yote ya karakana yakajaa mwanga mweupe. Afande akaagiza kila mtu ageuze uso, kwani mwanga ule huumiza macho. Chiriku alikiona kivuli chake mwenyewe kikitandazwa barabarani mchana kweupe, na mkono wa mjomba ukamshika bega, mzima, una vidole vyake vyote.

Zimamoto waliingia na makoleo ya mpini mrefu. Waliimimina poda taratibu, wasiitimue, kama mtu anayemfunika mgonjwa, kisha mchanga mkavu juu yake. Wakangoja, wakaongeza, wakangoja tena. Mwanga ukapungua madirishani, ukawa wa manjano, ukaisha.

Hatimaye Afande akatoka, akavua barakoa. Uso ulikuwa umelowa jasho. Akamwendea muuza maji, akamwomba kikombe kimoja cha kunywa.

"Kumbe mna matumizi nayo," alisema muuza maji, na barabara nzima ikacheka, hata mjomba, hata Mama Cherehani aliyekuwa bado amelibeba gauni.

Kilichoungua ni pipa. Ukuta ulipata masizi na paa tundu la ukubwa wa sahani. Mashine ilikuwa salama.

Afande akachuchumaa mbele ya Chiriku. Alimwambia kwamba si kila moto huzimwa kwa maji, na si kila hatari inatoa moshi kwanza. Ukiona kitu usichokijua kinapata joto au kinatoa harufu, usikiguse, usikifunue. Kaa mbali, upande upepo unakotoka, uwaite wanaojua. "Na tukifika, tuambie kweli yote, hata ile inayokuaibisha. Sisi hatuungui sana kwa moto, mwanangu. Tunaungua kwa kile ambacho mtu amekinyamazia."

Chiriku akamwuliza mjomba, chini chini, kama arudi Jumamosi ijayo au asirudi.

Mjomba akamwonyesha mkono wake wa kulia, akaugeuza mbele na nyuma. "Nilikukataza maji kwenye moto, sikukueleza kwa nini, wala kwamba hata bila moto hayafai. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu. Kunyunyiza bila kuuliza ni yako, na pipa jipya tutalipaka rangi sote wawili. Lakini mkono huu umebaki kwa sababu ulisema. Utakufundisha mashine."

Jioni Chiriku alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi jikoni, kimya. Mama yake akamtazama, akaacha mwiko, akamwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama ana homa. Ndipo Chiriku akaanza kusimulia, na chakula kilipoa hajafika kwenye gauni la harusi.