Taa Iliyozimwa kwa Kitufe

Maiti ilikuwa bado imefungwa mkanda. Gari lilikuwa limebinukia mtaroni, chini ya mteremko, na tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechanika vibaya. Mwanamke aliyekuwa kwenye usukani, muuguzi aliyekuwa akiwahi zamu ya asubuhi, hakuwa na hata mkwaruzo usoni. Shingo ndiyo iliyovunjika.

Inspekta aliinama, akachungulia, akanyoosha mgongo. Vijana wa kituoni walimwita Mama Taratibu kwa kuwa hakuwahi kumfokea mtuhumiwa. Waliomjua vizuri walimwogopa kwa hilohilo.

Kufikia mchana fundi wa matairi alikuwa mahabusu, jicho limevimba. Mume wa marehemu ndiye aliyemtaja, pale pale mtaroni, na umati haukusubiri polisi.

"Afande, gari lile sijaligusa," fundi alisema. "Mwaka huu sijaliona kabisa."

"Mume anasema ulilijaza upepo jana jioni."

"Amenisingizia! Mke wangu yuko hapo nje na watoto. Nikifungwa mimi, nani atawalisha?"

Inspekta hakumwahidi kitu. Hakupenda kuahidi asichokuwa nacho.

Uani mwa kituo, gari lilikovutwa, alimkuta mtaalamu wa ajali amelala chali kando ya gari.

"Msumari," mtaalamu alisema. "Umelika kichwa chote. Umekaa humu muda mrefu, upepo unatoka kidogo kidogo. Tairi legevu linachemka, mwisho linapasuka."

"Na taa ya onyo la upepo?"

"Hapo ndipo penye mambo. Kompyuta ya gari inaonyesha mtu alibonyeza kitufe jana jioni, mfumo wa upepo ukaanza upya. Kitufe hicho hubonyezwa baada ya kujaza. Ukikibonyeza tairi likiwa legevu, gari linadhani ulegevu ule ndiyo hali yake ya kawaida. Taa inazima, linanyamaza."

"Labda fundi alifanya uvivu, akabonyeza bila kujaza."

"Labda. Lakini tazama hapa."

Kifuniko cha valvu, pale panapoingizwa upepo, kilikuwa kimegandwa na tope kavu la siku nyingi, mzunguko mzima, bila ufa. Inspekta aliagiza lipigwe picha.

Msibani mama wa marehemu alikuwa ameketi sakafuni, machozi yamekwisha.

"Ile taa aliilalamikia wee, mpaka nikachoka mimi niliyeisikia kwa simu tu," alisema. "Jana usiku akanipigia anacheka. Mama, mume wangu amenitengenezea gari." Akaziba uso kwa viganja.

Mume aliletwa kituoni jioni. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana.

"Ulikuwepo fundi alipofanya kazi?"

"Nilisimama palepale."

"Alifanyaje?"

"Alifungua kifuniko, akajaza. Akapaka povu la sabuni kuona kama panavuja, ndiyo kawaida yake. Akafunga."

"Tairi gani?"

"La nyuma kushoto."

"Una hakika?"

"Kwa macho yangu mawili!"

Inspekta akaweka picha mezani.

"Tope hili ni la mvua za mwezi uliopita. Hakuna mkono uliogusa kifuniko hiki. Kitufe alibonyeza nani?"

Mume aliitazama picha.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilichoka! Kila nikirudi, hata salamu bado, ni taa. Taa, taa, taa. Naahidi nitalipeleka gari, nasahau, naahidi tena. Jana nikamsikia akimwambia mama yake kwenye simu kuwa ameolewa na mzigo. Nikatoka, nikabonyeza, nikazunguka nalo mtaani. Ikazima. Nikamwambia fundi ameshughulikia."

"Ulijua tairi ni bovu?"

"Nilijua linapungua. Nilisema nitalipeleka Jumamosi."

"Na fundi wa watu? Nusura wamtoe jicho."

"Mama mkwe alikuwa ananitazama. Umati wote ulikuwa unanitazama. Jina lake ndilo lililonijia mdomoni."

Hasira ilimpanda Inspekta. Akaimeza. Alimgeukia koplo aliyesimama mlangoni, akamwambia amtoe fundi na amwite mkewe aingie. Kisha akamrudia yule mume, kwa sauti ileile ya taratibu.

"Ulikuwa na usiku mzima wa kumwambia ukweli. Kwa nini hukumwambia?"

"Alifurahi mno, afande. Aliniandalia maji ya kuoga. Tulicheka, sisi ambao tulikuwa hatuchekeani tena. Asubuhi alipotoka alishusha kioo, akanionyesha dashibodi kwa kidole, kwamba taa haipo. Akanipungia mkono."

"Nawe ukafanyaje?"

"Nikampungia."