Nani Anamvua Vidoje Barakoa?

– Masaa mawili na dakika kumi! Vidoje, unanichezea?

Nilikuwa nimesimama katikati ya ua wao, simu mkononi, viatu vimejaa tope la shamba. Vidoje alikuwa anapakia kreti za matunda ya rasiberi kwenye pikapu. Akageuka, macho mekundu, baba zima la miaka arobaini na minane limenywea kama mtoto aliyevunja sahani.

– Ranka mpenzi, nakuapia nalala na barakoa.

– Unalala nayo? Mashine yenyewe inasema hulali nayo! Nani mwongo, wewe au mashine?

– Navaa vizuri kabisa. Asubuhi nakuta imetoka. Muuguzi si alisema wengi wanaoanza wanaivua usingizini bila kujua?

– Kila siku? Wiki mbili mfululizo?

Akainua kreti nyingine. Na mimi nilikuwa nimekuja kumwambia basi, yameisha.

Mnielewe. Mume wangu wa kwanza, Mileta, alifia kitandani ubavuni mwangu, hapa hapa mjini Arilje, miaka tisa iliyopita. Alikuwa anakoroma, akanyamaza. Mimi nikasema afadhali, nikageukia ukutani. Asubuhi nikamgusa, wa baridi. Sasa nikampenda Vidoje, nikampenda mpaka nikajishangaa, halafu usiku wa kwanza nasikia nini? Anakoroma, ananyamaza, kimyaaa, halafu anashtuka anatweta kama ametolewa kisimani. Nilikesha nimemwekea mkono kifuani.

Nikampeleka hospitali ya mjini Užice, wakamlaza na waya kichwa kizima. Pumzi inakatika mara hamsini kila saa! Wakampa mashine ya kumpulizia hewa puani kwa mpira na barakoa. Nikamwambia bila kumung'unya maneno:

– Vidoje, mimi siziki mume wa pili. Siku thelathini, kila usiku masaa sita. Ukiweza, tunakwenda manispaa kufunga ndoa. Ukishindwa, kila mtu na njia yake.

Siku tatu za kwanza alilala kwangu. Ya kwanza ilikuwa vita. Eti anajisikia kama ametoa kichwa nje ya dirisha la gari. Mikanda inamkwaruza, pua inamkauka. Tukalegeza mikanda, tukatia maji kwenye kile kitangi cha kulainisha hewa, nikamvalisha tangu taarifa ya habari ili azoee akiwa macho. Usiku wa tatu akalala masaa saba! Asubuhi nasikia mtu anaimba jikoni kwangu. Nakwenda, namkuta Vidoje anachemsha kahawa huku anakata kiuno.

– Ranka! Nimeota! Sijaota ndoto miaka kumi! Nimeota nakimbia!

Nililia kwa furaha, nikaunguza na mkate.

Halafu msimu wa rasiberi ukaanza, akarudi kulala shambani kwa mama yake, Bi Stanojka. Zikaanza meseji zake za asubuhi, za masaa yaliyohesabiwa na mashine.

“Masaa matatu. Nisamehe.”

“Masaa mawili na nusu. Usikasirike, leo nitajitahidi.”

Na leo hii tena, mawili na dakika kumi. Ndiyo maana nikawasha gari.

– Jana nimevaa hadi glovu, – Vidoje akasema kwa sauti ya chini. – Zile nene za theluji. Nimezifunga na kamba hapa, ili nisiweze kufungua mikanda.

– Ehe?

– Nimeamka glovu ziko mikononi, barakoa iko mezani.

– Mezani vipi?

– Mezani tu. Imekunjwa vizuri, mpira umeviringishwa. Na skafu shingoni.

Nikamkazia macho.

– Vidoje, tangu uzaliwe umewahi kukunja kitu?

Akafikiri kwa dhati kabisa.

– Hapana.

Hapo hapo mlango wa jikoni ukafunguka, Bi Stanojka akachungulia, kitambaa kichwani.

– Vidoje! Umeloa jasho halafu umesimama hapo kati ya banda na mlango! Promaja itakuua! Na wewe Ranka, muda wote unamsimamisha kwenye upepo!

Akaingia ndani, nikasikia madirisha yanafungwa moja baada ya jingine, pa, pa, pa, Juni hii na joto lote hili. Promaja, ule upepo unaopita kati ya upenyo na upenyo, kwetu hakuna asiyeuogopa. Unapindisha uso, unaziba masikio, unaua figo. Hata mimi, niseme ukweli, sikai kati ya mlango na dirisha.

Nikaifikiria ile skafu shingoni, na ile mashine inayopuliza hewa usiku kucha.

– Vidoje, – nikanong'ona, – mpaka chakula cha mchana tujifanye tumegombana, sawa? Ukishakula, vaa barakoa ulale. Lala kweli.

– Kulala kwangu si kazi, Ranka. Naweza kulala hapa hapa nimesimama.

Nikapaza sauti mpaka wachumaji shambani wakainua vichwa:

– Basi baki na uongo wako! Mimi naondoka!

Nikaondoka kwa kasi. Gari nikaliacha kwa jirani, nikarudi kwa miguu kupitia katikati ya mistari ya rasiberi, miiba inanivuta sketi. Simu ikatetemeka.

“Mama anaosha vyombo. Pita dirishani, sijatia komeo. Nakupenda.”

Nikapita dirishani, mwanamke wa miaka arobaini na nne, nikajificha nyuma ya kabati. Vidoje alishalala, mashine inavuma taratibu, kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka. Nilitamani nisimame pale pale nimwangalie mpaka jioni.

Mlango ukafunguka bila sauti. Bi Stanojka huyo, anatembea kwa vidole, skafu mkononi.

– Maskini mwanangu, – anajisemea, – wanakupuliza puani kama kaa la moto.

Akazima mashine. Akafungua mikanda kwa vidole vyepesi kama vya fundi cherehani, akakunja barakoa, akaviringisha mpira, akamzungushia mwanawe skafu shingoni. Vidoje hata hakutikisika.

Nikatoka nyuma ya kabati.

– Mama.

– Uwii! – akashika kifua. – Ranka! Umetokea wapi wewe?

– Kumbe ni wewe!

– Ni mimi, ndiyo! Na nitamvua tena! Upepo usiku kucha usoni kwa mtu aliyelala! Kaka yangu alilala na dirisha wazi siku moja tu, tukamzika! Wewe unataka kuniua mtoto?

Hasira zilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Wiki mbili nimemwita mwanaume wangu mwongo! Lakini nilipomtazama yule mama anavyoikaza ile skafu shingoni mwa mwanawe, nikaona ana hofu ile ile niliyo nayo mimi. Nikamshika mkono, nikamketisha kitandani.

– Sikiliza, mama. Usiseme kitu. Sikiliza tu.

Vidoje akaanza kukoroma. Dakika moja, mbili. Halafu akanyamaza.

– Umeona? – Bi Stanojka akanong'ona, akatabasamu. – Sasa ndiyo amelala vizuri. Kila siku nasikia ukutani, akinyamaza namshukuru Mungu.

– Mtazame kifua.

Akatazama. Kifua kimetulia. Sekunde kumi. Ishirini. Tabasamu likamfutika. Midomo ya Vidoje ikaanza kuingia rangi ya zambarau.

– Ranka... mbona hapumui?

– Mileta wangu alinyamaza hivyo hivyo. Na madirisha yote yalikuwa yamefungwa, mama. Hapakuwa na upepo hata kidogo.

– Iwashe! – akapiga kelele. – Kiwashe hicho kitu! Vidoje! Mwanangu!

Alimvalisha barakoa juu chini, chini juu, analia, mimi nabonyeza kitufe huku nalia. Vidoje akashtuka, akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho.

– Kuna nini? – Sauti ilimtoka inapuliza, maana ukiwa na ile barakoa ukafungua mdomo hewa yote inakimbilia huko.

– Funga mdomo, ulale, – mama yake akamwambia, anamfuta jasho. – Nisamehe mwanangu. Ni mimi niliyekuwa nakuvua. Na wewe Ranka, nisamehe.

– Vidoje, – nikasema, – Jumamosi tunakwenda manispaa.

Akakaa wima.

– Lakini siku thelathini hazija...

– Jumamosi!

– Jumamosi, – Bi Stanojka akaitikia. – Na mimi nitakuja kila usiku kuhakikisha amevaa. Asipovaa, atanitambua!

Akatoka, akatuvutia mlango polepole. Nikavua viatu, nikapanda kitandani na sketi yangu iliyochanika, nikambusu paji la uso maana pengine pote palikuwa na mikanda. Akanishika mkono. Mashine ikaendelea kuvuma, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimpoteze Mileta, nikalala kabla ya mwanaume aliye ubavuni mwangu.