Bango Halipo, Treni Haipo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Orpha Tuttle alimfunga babu yake vifungo vya koti. Alimvika na kofia, akamjazia kahawa katika chupa ya bati, kisha akafungua mlango na kuchungulia barabarani. Kama hapakuwa na mtu, walitoka. Kama palikuwa na mtu, walingoja apite.

Babu yake, Mzee Amos Tuttle, alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli katika mji wetu wa Cedar Fork, huku Kansas. Kivuko chenyewe kilikuwa kibaya. Reli inakuja kwa kona kutoka magharibi, na ghala la ngano limesimama papo hapo pembeni, kwa hiyo treni huioni mpaka imekwisha kukufikia. Mkuu wa stesheni akipata habari kwa telegrafu kwamba treni inakuja, alivuta waya, na kengele ikalia ndani ya kibanda cha Mzee Tuttle. Hapo mzee alitoka na bango lake jeupe la duara, akasimama katikati ya barabara. Hakuna aliyethubutu kumpita, awe tajiri, awe fukara.

Alifanya kazi hiyo miaka na miaka bila kukosea, na hapo ndipo sisi watu wa Cedar Fork tulipojilemaza. Tulikuwa na msemo wetu: bango halipo, treni haipo. Tuliacha kuitazama reli, tukaacha hata kutega sikio. Mtu alifika kivukoni, akalitafuta bango kwa macho, asipoliona akapita zake huku akipiga soga. Ulikuwa ujinga mtupu, lakini mazoea yana taabu.

Basi mwezi wa Agosti mwaka wa 1919, wakati wa chai ya asubuhi, Babu aliangusha kikombe. Orpha, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alidhani kimemteleza. Alipoinua macho aliona mdomo wa babu yake umeshuka upande mmoja, na mkono wake wa kulia unaning'inia kama si wake.

"Babu! Una nini?"

"Si kitu," alijibu kwa ulimi mzito. "Nimechoka tu."

Baada ya siku kadhaa mdomo ulijirudi kidogo. Mkono haukurudi. Orpha alitaka kukimbia kumwita Daktari Pruitt, lakini Babu alimzuia.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Nyumba hii si yetu, ni ya kampuni ya reli. Wakijua nimepooza mkono, kazi imekwisha, na nyumba inakwenda nayo. Baba yako na mama yako walichukuliwa na homa ya mafua mwaka jana. Tutakwenda wapi, mimi na wewe?"

Machozi yalimlengalenga Orpha.

"Basi ukiulizwa, sema nimechoka."

Akasema hivyo kanisani, akasema hivyo dukani na shuleni. Babu naye alijifunza kuliinua bango kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyegundua. Siku za kwanza uongo ulimkwama Orpha kooni. Baadaye ukawa unatoka wenyewe, bila hata kufikiri, na hilo lilimtisha kuliko uongo wenyewe.

Mwezi wa Septemba ikaja habari kwamba Rais Wilson atapita mjini kwetu. Vita vikubwa vya Ulaya vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na Rais alikuwa akizunguka nchi kwa treni, akihutubia mji baada ya mji, akiwaomba watu waunge mkono Shirikisho la Mataifa ili vita kama vile visirudi tena. Wapo waliomsifu kuwa mtu wa amani. Bwana Gerber, mkulima ambaye mwanawe mkubwa alibaki makaburini huko Ufaransa, hakutaka kusikia.

"Alinichukulia kijana," alisema, "sasa ananiletea maneno."

Hata hivyo aliahidi gari lake la kubebea nyasi, lililokokotwa na nyumbu wawili, liwabebe watoto wa shule. Rais ni Rais. Treni ingemaliza shughuli za Wichita siku ya Ijumaa, ifike kwetu alasiri na kusimama kidogo. Mwalimu wa shule, Bi Krause, aliwafundisha watoto wimbo wa kumkaribisha, akamchagua Orpha auanzishe.

Ijumaa hiyo ilianza vibaya. Babu alishindwa kuinuka kitandani mara ya kwanza, akashindwa mara ya pili. Alipokwisha kusimama alishika ukuta. Orpha alipomfunga vifungo alimsikia akihema kama mtu aliyetoka kupanda kilima.

"Babu, leo usiende. Tafadhali."

"Leo? Siku ya Rais?" Maneno yalimtoka nusunusu. "Nisipoonekana leo, kesho watakuja kuuliza. Nenda ukaimbe. Nimechoka tu, mama."

Orpha alimfikisha kibandani, akamketisha kitini, akamwekea bango mapajani. Alipotoka tu alikutana na Daktari Pruitt juu ya farasi wake, akirudi kutoka kwa mgonjwa.

"Orpha! Babu hajambo? Naona siku hizi anatembea kwa kujivuta."

Orpha alimtazama daktari. Neno la kweli lilifika mpaka ulimini. Akaiona nyumba yao ikifungwa kufuli, akalimeza.

"Hajambo, Daktari. Amechoka tu."

"Mwambie apumzike," alisema daktari, akaenda zake.

Shuleni Orpha hakusikia somo hata moja. Alipoimba katika mazoezi sauti ilimtetemeka, na wenzake wakadhani ni hofu ya kumwona Rais. Kabla ya saa sita mchana Bi Krause alisema afadhali waende mapema, wakapate nafasi nzuri karibu na reli, chakula watakula huko huko. Watoto wakapanda gari la nyasi na bendera zao ndogo, wakubwa wakiwapakata wadogo. Walt, mwana mdogo wa Bwana Gerber, mwenye miaka kumi na minne, alishika hatamu. Bi Krause alikaa nyuma ili asianguke mtoto.

Mbele yao kivuko kilikuwa kimya. Ghala la ngano lilikuwa limetupa kivuli juu ya barabara. Bango halikuwepo.

Hapo Orpha akaisikia kengele.

Ililia ndani ya kibanda, ikanyamaza, ikalia tena. Kwa kawaida ikilia mara moja tu Babu yuko nje. Sasa ililia na kulia, na mlango wa kibanda haukufunguka.

"Walt, ngoja," alisema.

"Ningoje nini? Treni ya Rais ni alasiri. Na bango halipo."

"Kengele inalia."

"Labda mkuu wa stesheni anaijaribu." Walt aliangua kicheko. "Au babu yako anakoroma humo ndani! Wee Orpha, kamwamshe, asije akamkosa Rais!"

Watoto wakacheka. Wengine wakaanza kuimba wimbo wenyewe, kwa makelele, kila mmoja na sauti yake. Nyumbu wakazidi kusogea. Kwato za mbele zilikuwa karibu kuigusa reli.

Orpha alifungua mdomo, na alichokikuta mdomoni ni lile neno alilolizoea: amechoka tu. Akamtazama mtoto aliyempakata, msichana wa darasa la kwanza, anapunga bendera yake. Akaona kumbe uongo wake ndio uliowaleta wote hapo.

"Simamisha!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Babu ni mgonjwa! Mkono wake umekufa! Hawezi kutoka! Walt, treni inakuja!"

Alizidaka hatamu mikononi mwa Walt, akavuta kwa nguvu zake zote. Bi Krause hakuuliza swali. Aliruka chini, akakimbilia mbele, akawashika nyumbu kwa lijamu na kuwarudisha nyuma hatua kwa hatua, huku watoto wakilia na kuangukiana.

Treni ikatokea kwenye kona.

Ilipita mbele yao kwa kasi, upepo wake ukazing'oa bendera mikononi mwa watoto. Haikupunguza mwendo. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine, na katika behewa la mwisho, lenye bendera kubwa ubavuni, mapazia yote yalikuwa yameshushwa. Mchana kweupe! Hapakuwa na mkono uliopunga wala uso uliotazama. Kisha reli ikabaki tupu, na kengele ikanyamaza.

"Ilikuwa ya Rais ile," Walt alinong'ona. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Mbona haikusimama?"

Orpha alikuwa tayari ameruka chini, anakimbilia kibandani.

Alimkuta Babu sakafuni, macho wazi, bango limelala chini ya kifua chake. Alikuwa amejikokota kutoka kitini hadi karibu na mlango. Alimwona mjukuu wake, akajaribu kusema, sauti ikakataa. Akauinua mkono wa kushoto, akaonyesha nje, kuelekea kule watoto walikokuwa wakilia.

"Wazima, Babu," alisema Orpha, akamkumbatia. "Wote wazima."

Mzee akafumba macho, akalia.

Daktari Pruitt alikuja upesi, akamhudumia mpaka jioni. Alipotoka chumbani alimkuta Orpha ameketi ngazini na Bi Krause.

"Ataishi," alisema. "Ni kiharusi. Hiki ni cha pili, sivyo?"

"Cha kwanza kilikuwa Agosti," Orpha alijibu, akiwa ameinamisha kichwa. "Uliniuliza asubuhi, nami nikakudanganya. Niliogopa watatutoa nyumbani."

Daktari alikaa karibu naye, akavua kofia.

"Hofu yako naielewa, binti yangu, wala siicheki. Lakini ungeniambia Agosti, ningempa mapumziko na dawa, na kivukoni angewekwa mtu mwingine. Ungeniambia leo asubuhi tu, asingeanguka peke yake. Ugonjwa hauondoki kwa kufichwa. Unakaa humo humo ndani, unakula."

"Lakini alisema kweli mwishoni," Bi Krause aliingilia. "Mbele ya watu wote. Watoto wangu wapo hai kwa sababu hiyo."

Walichokiogopa kilitokea. Kampuni ilimstaafisha Mzee Tuttle, na nyumba ikatakiwa kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Ila Orpha hakujua jambo moja, kwamba mji una mikono. Bwana Gerber, aliyekuwa na mwanawe mmoja tu aliyebaki na nusura ampoteze juu ya reli, alifika na gari lile lile la nyasi. Hakusema mengi. "Chumba cha kijana wangu kiko wazi," alisema. "Pakieni." Walt alibeba kitanda cha mzee kichwani, na hakuleta mzaha hata mmoja siku ile nzima. Kivukoni akaja mlinzi mpya, na sisi tukaanza upya kutazama huku na huku kabla ya kuvuka, bango liwepo lisiwepo.

Kuhusu treni, magazeti yalisema Rais hakuhutubia hata Wichita, amekatisha safari, anarudi Washington kwa sababu amechoka. Wiki zikapita, ikawa ni hivyo hivyo: amechoka, anahitaji utulivu. Hakuonekana hadharani. Wageni walirudishwa mlangoni, na mambo ya nchi yalipitia mikononi mwa mkewe. Kila Babu aliposomewa habari hiyo alimtazama Orpha, na Orpha akamtazama yeye.

Wakati wa baridi kali, mwezi wa Februari, habari ikavuja. Orpha alimsomea Babu karibu na jiko la Bwana Gerber: Rais alikuwa amepigwa na kiharusi tangu Oktoba, na mkono wa kushoto umepooza.

Babu alipoanza kuongea, maneno yalimtoka polepole, moja moja.

"Nilikuwa nawaza sisi maskini ndio tunaoficha, kwa kuogopa kufukuzwa. Kumbe hata Ikulu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, Orpha. Nilikufundisha uongo nikiwa mtu mzima wa kukufundisha kweli, na wewe ukanifundisha mimi. Aliye na kazi ya kulinda watu, akiugua lazima aseme, apumzike, mwingine ashike bango. Sisi tulinusurika kwa sababu ulipiga kelele." Akatikisa kichwa. "Mwenzangu yule ana nchi nzima juu ya gari la nyasi. Sijui huko nani atapiga kelele."

Upepo ulivuma nje, ukatikisa madirisha. Mbali kule kivukoni treni ililia.

"Mguu wako vipi leo, Babu?" Orpha aliuliza. "Asubuhi nilikuona unausugua."

"Aa, umekufa ganzi kidogo. Nime..."

Neno lilimwishia mdomoni. Walitazamana.

Orpha alikunja gazeti, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi kidevuni. "Usisimame mpaka nirudi," alisema, akatoka kwenye theluji kwenda kumwita Daktari Pruitt.