Klipu ya Mazishi ya Kibii

Video ya mazishi ya Kibii ilikuwa ikikwama pahali pamoja tu: dakika ya kumi na nne, jeneza likiwa limeshikiliwa kwa kamba juu ya kaburi. Picha iliganda lakini sauti iliendelea, na chini ya wimbo wa akina mama wa kanisa kulisikika mtu akihema.

Jepleting hakushtuka. Kwa miaka sita alikuwa akihariri video za harusi na mazishi sebuleni kwake Elburgon, na kwake kompyuta kukwama ilikuwa kama ng'ombe kupiga teke: unatafuta kilichomuuma, unaendelea kukamua. Jebet, mjane wa Kibii, alimwomba aunganishe klipu zilizopigwa kwa simu za jamaa, zionyeshwe Jumamosi kwenye ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Ilikuwa Alhamisi mchana, mvua inanyesha, pazia limefungwa ili kioo kionekane vizuri. Kimeli, mumewe, alijilaza kwenye kochi. Umeme ulikuwa umepotea kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi.

Akaanza na mambo madogo. Alishusha ubora wa picha ya majaribio hadi robo, akafuta mafaili ya muda yaliyojaza diski. Video ikasonga sekunde mbili, ikakwama tena. Hapo ndipo alipomwona mwanamume mrefu nyuma ya Jebet, shingo imepinda kama tawi lililovunjika bila kudondoka. Akadhani ni mtu wa ukoo. Akaweka programu mpya ya kuendesha kadi ya picha, akawasha laptop upya. Sekunde tatu zaidi. Sasa yule mwanamume alikuwa amesimama upande huu wa kaburi, na hakuna aliyekuwa amempisha. Sebule ikaanza kunuka mbao mbichi na nywele zilizoungua.

"Unachoma nini?" Kimeli akauliza, macho yamefumbwa.

Akamjibu kwamba hachomi kitu. Angeachia hapo, lakini hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Alijua kwamba simu hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka, nayo programu huchanganyikiwa. Akaigeuza klipu yote iwe ya kasi moja, akasubiri mpaka ikamilike, akabonyeza icheze.

Ikateleza kama mafuta. Jeneza likashuka, udongo ukaanza kumwagwa, na yule mwanamume akatembea, akapita katikati ya waombolezaji bila kumgusa yeyote, akaja, akaja, mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, uso usio na kope wala midomo, meno yamepangana kama ya msumeno, kisha akageuza macho polepole, si kumtazama Jepleting bali pembeni, kule kwenye kochi, na mara kioo kikabaki na kaburi na watu tu, kwa maana yeye hakuwemo tena.

Kimeli akainuliwa kwa taya. Hakuna mkono ulioonekana, ila miguu yake ilirusharusha hewani, na kabla hajaweza kulia akabamizwa ukutani, mkono wake ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, akainuliwa tena, akatupwa juu ya kabati la vyombo, vioo vikamwingia usoni. Kisha akasimama mwenyewe, damu ikimchuruzika jichoni, akamtazama mkewe kama mtu asiyemjua.

Mayowe ya Jepleting yakamleta Mama Mchungaji Jepchumba kutoka nyumba ya pili, mwanamke aliyewahi kuwaombea wengi wakafunguliwa. Akaweka kiganja kwenye paji la Kimeli, akakiamuru kwa jina la Yesu kilichomo kijitaje.

"Kibii alikata nyumba yangu," kikasema, sauti ikikwaruza kama gogo linalopasuliwa. "Mti ule wa mtarakwa msituni. Nikamuua, nikamfuata hadi kaburini. Pale mkanikemea kwa maombi, nikanaswa kwenye picha. Nilikuwa nimekwama. Nani alinifungulia?"

Mama Mchungaji akazidisha maombi. Meno ya Kimeli yakashika mkono wake, yakakata vidole viwili. Alipiga magoti damu ikimwagika kwenye rinda lake, na bado hakuacha kuomba. Ndipo mkono wa Kimeli usiovunjika ukamkaba Jepleting koo, ukamlaza juu ya meza, na pale, masikio yakivuma na macho yakiingia giza, akaelewa kwamba kule kukwama ndiko kulikokuwa kufuli, na yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Akapapasa nyuma ya kichwa chake hadi vidole vikapata laptop, akabonyeza kurudisha nyuma, mara moja, mara mbili, mara tatu, kila alichokitengeneza kikitenguka, mpaka klipu ikawa ile ile mbovu ya mwanzo, akaiachia icheze.

Ikafika dakika ya kumi na nne. Ikaganda.

Vidole vya Kimeli vikalegea, akaanguka kama gunia. Kwenye kioo, mwanamume mrefu alikuwa amerudi nyuma ya Jebet, kinywa wazi.

Kimeli alipelekwa hospitali Nakuru. Mkono uliungwa kwa vyuma; jicho la kushoto halikuokoka. Ijumaa Jepleting aliimwagia laptop mafuta ya taa, akaichoma mpaka ikawa donge jeusi, akamtumia Jebet ujumbe kwamba mashine imeungua na video hakuna tena.

Jumamosi alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mumewe Jebet alipopiga simu. Nyuma ya sauti yake nyimbo zilisikika. Alimwambia asijali. Ile klipu ya kaburini ilitoka kwa simu ya shemeji yake Kipngetich, naye alikuwa nayo bado. Ilikuwa inakwamakwama, lakini fundi mmoja wa Molo alikuwa ameitengeneza asubuhi hiyo. Nyumba ilikuwa imejaa watu, watoto wameketi mbele karibu na televisheni.

"Jebet, izime," Jepleting akasema. Sauti ilimtoka kwa shida, koo bado limevimba. "Nakuomba, dada. Watoe watoto nje."

"Kwa nini? Imeshaanza, na inacheza safi kabisa." Mjane akashusha sauti. "Lakini huyu mrefu nyuma yangu ni nani?"