Sauti Iliyomtoa Rumaitha Uwanjani

Soko la Wete lilikuwa limefurika, na Rumaitha alikuwa akivutana na muuza samaki juu ya fungu la changu. Buibui lake lilifunika suruali ya mazoezi. Viatu vilikuwa na vumbi la uwanja. Nyuma yake mwanamume akauliza bei ya pweza. Rumaitha akageuka.

"Sauti hiyo naijua! Wewe Fahmi wa redio. Kila mechi waniita Rumaisa."

Fahmi, mtangazaji wa mpira, shati lake la drafti limenyooshwa vizuri, akacheka mpaka muuza samaki naye akacheka.

"Nisamehe, nahodha. Nipe namba yako nilijifunze jina kwa simu."

"Mbinu ya kizamani hiyo," alisema, lakini namba akaitoa.

Miezi ikapita. Asubuhi Rumaitha alisomesha chekechea Gando, jioni mazoezi Wete, kisha nyumbani kumwosha na kumlisha mama yake aliyepooza. Baada ya alasiri Fahmi hakukosa kupiga.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Na goti, bado lauma?"

"Kila siku goti! Niulize mie."

"Pumzika hata mechi moja, mpenzi."

Akacheka. "Nikipumzika nitasahauliwa. Umri unakwenda, Fahmi. Timu ya taifa haimngoji mtu."

Siku makocha wa timu ya taifa walipovuka kutoka Unguja kuja kutazama ligi ya wanawake, uwanja wa Gombani ulikuwa ukiungua kwa jua. Kipindi cha pili Fahmi, akitangaza mechi, akamwona Rumaitha anachechemea, na maneno yakamtoka: "Rumaitha kachoka, wasikilizaji. Kachoka tangu ligi ianze. Masikini, wamtoe."

Jukwaani watu walikuwa na redio. Benchi nalo likasikia. Ubao ukanyanyuliwa, namba yake. Alitoka bila kumtazama mtu.

Majina ya timu ya taifa yalipotangazwa, lake halikuwamo. Fahmi alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena, wiki nzima.

Mwishowe akaenda Gando mwenyewe. Akamkuta uani anafua jezi za timu, goti limefungwa bendeji. Mama yake amelazwa kwenye busati barazani.

"Shikamoo, Bi Laila," Fahmi alisema. Mama hakuweza kujibu, akamtazama tu.

"Umenitoa mbele ya kisiwa kizima," Rumaitha alisema.

"Nilikosa. Maneno yale yalikuwa ya mimi na wewe, nikayapeleka hewani."

"Lakini yalikuwa kweli?"

"Kweli."

Mikono ya Rumaitha ikasimama ndani ya povu. "Kocha hakuona. Wenzangu hawakuona. Uliyeona ni wewe, ukaenda kuwaambia watu."

"Nilikwambia kwanza wewe. Ukacheka."

"Ningelia, nisingenyanyuka tena."

Fahmi akakunja mikono ya shati, akavuta beseni, akaanza kusuza.

"Nataka kuwaleta wazee wangu hapa. Hata ungechaguliwa, ningekuja."

"Mpira siachi."

"Nani kakwambia uache?"

Rumaitha akamtazama mama yake. Mama akafumba macho polepole, akayafumbua.

"Walete Ijumaa," Rumaitha alisema, akaegemea ukuta. "Ila sasa usinisemeshe, Fahmi. Nimechoka."

Akalala palepale, kinywa wazi kidogo, na Fahmi akaanza kuanika jezi, moja moja, bila kufanya kelele.