Mstari wa Zambarau Kwenye Nati

"Mama, nani kaingia gereji?"

Twyla Jaskolski aliuliza akiwa chali uvunguni mwa Datsun yake ya zamani, anaonekana miguu tu. Mama yake, Bi Opal, alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akasema labda paka.

"Paka anayeshika spana?"

"Paka wa siku hizi wamesoma, mwanangu."

Akaondoka upesi, na mtu anayekimbia na kahawa ya moto mkononi ana lake jambo.

Kilichomshangaza Twyla kilikuwa kitu kidogo tu: bushi, zile bangili nene zinazokaa kati ya chuma na chuma. Kila gurudumu la mbele la gari lile hushikiliwa na fimbo ya chuma, na fimbo hiyo hubanwa na bushi mbili, moja mbele, moja nyuma. Yeye alikuwa amefunga zote za plastiki ngumu nyekundu. Sasa za nyuma zilikuwa za mpira mweusi, mpya kabisa.

Na bushi hizo hizo ndizo zilizovunja uchumba wake. Vuli iliyopita mchumba wake, Garrett Oyen, alimwambia upande mmoja uwe mpira ili fimbo ipate pa kuinama. Ikibanwa kwa ugumu pande zote mbili itachoka hadi ikatike, na haitachagua mahali pengine ila konani. Twyla akajibu kwamba gari la mashindano si kiti cha bibi cha kubembea. Neno likazaa neno. Garrett akasema hataki kuja kumwokota ukutani, Twyla akasema hakuomba kuokotwa, na pete ikarushwa ikazama kwenye ndoo ya oili chafu. Tangu siku ile, kimya. Wawili wagumu, wa kuinama hayupo.

Siku hizi alikuwepo Trevor, mwuza bima, meno meupe, viatu visivyojua tope. Alitaka wahamie Arizona, na jibu alitaka kabla mashindano ya Jumapili hayajaisha. Twyla akampigia.

"Trevor, ni wewe uliyenibadilishia bushi?"

Trevor akacheka kidogo.

"Nilitaka iwe sapraizi, mpenzi."

Moyo wa Twyla ukayeyuka kama jibini kwenye kikaango. Mwanamume wa bima, na shati lake la kunyooshwa, kalala kwenye saruji baridi kwa ajili yake! Arizona ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akasema atampigia baadaye, kwanza aione vizuri kazi ya mikono ya mpenzi wake. Udadisi bwana, umeokoa wengi.

Akaingia uvunguni na tochi. Juu ya kila nati palikuwa na mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mafundi huupiga wakishakaza: nati ikilegea, mstari unakatika, na macho yanaona. Lakini huu haukuwa wa kalamu ya fundi. Ulikuwa wa rangi ya kucha, zambarau, ile ile iliyopotea bafuni kwake enzi za uchumba na Garrett, akamsingizia mama yake.

Akapiga simu tena.

"Trevor, nati ulizipigia alama ya rangi gani?"

"Nyeupe. Si ndiyo kawaida?"

"Basi nenda Arizona na nyeupe yako."

Akakata. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena:

*Garrett. Kwa nini hukuniambia?*

*Ungezitoa.*

*Nani alikufungulia mlango?*

*Paka.*

Twyla alicheka peke yake hadi tochi ikamdondoka.

Jumapili akaendesha. Kona ya tano, ile inayokula magari, Datsun iliingia ikatulia kama imeshikwa mkono. Pembeni, nyuma ya ukuta wa matairi, alisimama mshika bendera mwenye ovaroli nyeupe. Twyla alimjua kwa mabega: Garrett. Baadaye angesikia kwamba kona ile aliiomba mwenyewe, wakati wenzake wote wanapenda ya pili kwa sababu iko karibu na banda la soseji.

Twyla alimaliza wa nne. Alipovua kofia ngumu, Garrett alikuwa amesimama kando ya gari na fimbo ya chuma mkononi. Ile ya zamani.

"Nimekufungia nyingine. Hii itazame hapa, karibu na uzi, nati inapokazwa."

Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Twyla akaupitisha ukucha, mara moja, mara ya pili.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," akasema. "Usizoee."

"Na mimi ningesema kwa upole. Nilikuja na mdomo kama nyundo."

"Pete bado imo kwenye oili."

"Haimo. Niliiopoa siku ile ile ulipoingia ndani kulia."

"Sikulia. Na rangi yangu ya kucha nirudishie."

Garrett akaitoa mfukoni ile chupa ndogo. Limebaki tone, akasema. Twyla akanyoosha mkono mweusi kwa grisi, kidole cha pete mbele ya vingine.

"Basi limalizie hapa."

Garrett akauweka mkono wake kando ya mkono wa Twyla, kidole kwa kidole, akachora mstari mmoja ukavuka kutoka kidole chake hadi cha Twyla.

"Ukilegea nitaona," akasema.

"Wewe acha ukauke kwanza," Twyla akamwambia, wala hakuuondoa mkono.