Maiki ya Kaburini

"Nenda mbali, mpaka kule kwenye mikaratusi!" Ndriana alimwambia Haja, akicheka. "Kajisikilizie huko, usituharibie mambo ya wazee."

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Haja alipanda kilima, kishikwambi mkononi, hedifoni masikioni. Mashine ya kuchanganya sauti aliiacha jukwaani, akawa anaiongoza kwa kidole tu. Alitaka kujua kama muziki wa kesho utafika hadi huku juu, maana kesho mifupa ya wazee ingetolewa kaburini, ivishwe sanda mpya za hariri na kuchezewa ngoma.

Kaburi lilikuwa la ukoo wa Ndriana, mwenzake wa kazi. Lakini wawili hao walikuwa wamenyweshana damu, kiapo cha fatidra, na tangu siku ile Haja akahesabiwa mtoto wa ukoo. Angemfia Ndriana bila kuulizwa.

Juu ya kaburi waliweka maiki, ili kurekodi mjomba wake Ndriana, Rainivao, akiwaita marehemu warudi, wasije wakawa matembezini kesho. Ndriana aliizima kwenye spika. Alisahau kwamba Haja, kwa kugusa kioo tu, angeweza kuisikiliza peke yake.

Haja akagusa, apime sauti.

Kikohozi. Upepo. Kisha mjomba: "Razafimbelo, rudi nyumbani... Ravaonoro, rudi nyumbani..."

Halafu mnong'ono wa Ndriana.

"Sasa mtaje yule, mjomba."

"Una hakika? Akishatajwa hapa, si wetu tena."

"Mganga kasema wazee wanataka mmoja wa ukoo. Kwa nini awe binti yangu? Mtaje... kabla moyo haujageuka."

Mjomba akapaza sauti tena.

"Hajatiana, mwana wa Raharisoa... rudi nyumbani."

Lilikuwa jina kamili la Haja, na la mama yake. Harufu ya udongo mbichi na hariri iliyooza ikamjaa puani, ingawa kaburi lilikuwa bado limefungwa.

Ndani ya hedifoni, mtu akaitika.

"Nakuja."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Haja alishuka mbio, akajikwaa, akainuka. Alipofika aliinyakua ile maiki na kuing'oa waya.

"Damu yangu uliinywa wewe!" alifoka. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

Ndriana alikuwa analia. "Kama si kiapo kile, ningemtoa nani? Mialy hapumui vizuri tangu juzi, kaka. Nina mtoto mmoja tu."

"Na mimi mama yangu ana wangapi?"

Ndriana alifuta machozi. Simu yake iliita. Alikuwa mkewe, na kelele zake zilisikika wazi: "Ameamka! Ameketi mwenyewe, anataka uji wa wali! Ndriana, unasikia? Anacheka!"

Ndriana alianguka magotini, akaelekea mlango wa kaburi, akashukuru huku amegusisha paji la uso chini. Aliwashukuru wazee mmoja mmoja. Jina la Haja hakulitaja.

"Ndriana," Haja aliita.

Hakugeuka.

"Ndugu yangu, niangalie!"

Hakugeuka. Haja hakujua kama amekataa kusikia, au hasikii kweli. Alitazama kishikwambi. Mistari ya sauti ya maiki zote za jukwaani ilikuwa imelala. Maiki ya kaburini haikuwa na waya tena; aliung'oa mwenyewe.

Akaita mara ya tatu, kwa nguvu zake zote.

Mstari wa kijani wa maiki ya kaburini, huo peke yake, ukaruka juu.